Sabuni ya mche, ya unga, ya maji au ya mashine? Usichague kwa povu peke yake

Mjini hapa mtu akifoka tunasema "anatoa povu", na kila anayesikia anaelewa kwamba kelele ni nyingi kuliko hoja. Cha ajabu, watu haohao wakienda dukani kununua sabuni wanauliza swali moja tu: "Hii inatoa povu?" Mimi ni dobi, nafua nguo za watu Tabata, Dar es Salaam, mwaka wa tisa sasa, na swali hilo nalisikia mpaka ndotoni. Mwenye duka analijua, mtengeneza sabuni analijua zaidi yake, ndiyo maana povu linatiwa kwenye sabuni kama rangi inavyotiwa kwenye peremende.

Sisemi povu halina maana. Lina maana, ila si moja kwa kila sabuni. Kwenye mche linakwambia jambo la kweli, kwenye unga linakupamba tu, na kwenye mashine linakuharibia kazi. Asiyelijua hilo analipa mara mbili, kwanza kwa sabuni aliyoimwaga kupita kiasi, kisha kwa madumu ya maji ya kusuuzia.

Kwanza tikisa chupa

Kabla ya kulinganisha, fanya jaribio hili jikoni. Chukua chupa tatu za plastiki zenye vifuniko. Ya kwanza tia maji matupu, ya pili spiriti, ya tatu maji na sabuni kidogo iliyokunwa. Tikisa zote. Maji matupu yatatoa viputo vinavyokufa kabla hujaiweka chupa mezani. Spiriti nayo vivyo hivyo. Ya tatu itasimamisha povu.

Uso wa maji umevutika kama ngozi ya ngoma iliyowambwa. Wanafizikia wanaupima mvuto huo kuwa karibu 72, kwa kipimo chao cha milinyutoni kwa mita. Sabuni inaushusha hadi 30 hivi, na hapo ndipo maji yanapoweza kupenya kwenye nyuzi badala ya kuteleza juu yake. Sasa angalia spiriti: mvuto wake uko chini zaidi, 22 na ushee, lakini povu haina. Maana yake, kinachofanya maji yapenye nguo na kinachofanya povu lisimame ni vitu viwili. Vinakaa nyumba moja kwenye sabuni, lakini havikuzaliwa pamoja.

Kinachosimamisha povu ni kujiziba. Molekuli ya sabuni ina kichwa kinachopenda maji na mkia unaoyakimbia maji na kupenda mafuta. Ukuta wa kiputo ni tabaka jembamba la maji lililopangwa molekuli hizo pande zote mbili, mikia ikitazama hewani. Ukuta ukivutika mahali pamoja, molekuli za pale zinatawanyika, mvuto wa pale unapanda, na uso wa jirani unaburutwa kuja kuziba, ukija na maji yake. Jambo hilo limebeba jina la Mtaliano Carlo Marangoni, aliyelichunguza karne ya 19. Kwenye spiriti hakuna anayekuja kuziba, maana kote kuko sawasawa. Ukuta ukipasuka umepasuka.

Hata hivyo kila povu linakufa. Liache la beseni dakika kumi ulitazame kwa karibu. Viputo vya chini bado ni mviringo kwa sababu bado vina maji ya kutosha, lakini vya juu vimeshakauka na kupata pembe kama sega la nyuki. Maji yake yameshuka kupitia vifereji vilivyo pale kuta zinapokutana. Joseph Plateau wa Ubelgiji alichapisha kanuni ya mikutano hiyo mwaka 1873: kuta hukutana tatu tatu, kwa pembe ya nyuzi 120, hazikutani nne. Aliyaandika hayo akiwa kipofu wa miaka mingi, wenzake wakimtazamia viputo na kumweleza. Kila nikiwa nimeinama kwenye karai namkumbuka, maana sisi wenye macho tunalimwaga povu bila kulitazama.

Endelea kutazama. Viputo vidogo vinazidi kunywea na vikubwa vinanenepa, kwa kuwa hewa ya kiputo kidogo imebanwa zaidi, inapenya ukuta na kwenda kwa jirani. Kuta za juu zinaonyesha rangi za upinde wa mvua, kisha kunatokea kiraka cheusi, kisha pap! Ukiuona weusi huo, ukuta umeshakuwa mwembamba kuliko hata wimbi la mwanga.

Sabuni ya mche: hapa povu ni kipimo

Mche ni ile sabuni ndefu inayokatwa vipande dukani. Imepikwa kwa mafuta na kostiki, basi. Povu lake linategemea mafuta yaliyotumika. Sabuni ya nazi ina mikia mifupi, ya kaboni 12 kwa wingi, kwa hiyo inayeyuka upesi, inatoa viputo vikubwa na kwa haraka, na haikati tamaa hata kwenye maji ya bahari. Mabaharia walikuwa wakiogea sabuni ya nazi kwa sababu hiyo. Sabuni ya mawese, kama ile inayopikwa Kigoma, ina mikia mirefu zaidi. Povu lake linachelewa, lakini likija ni laini, zito, na linadumu. Kipande chenyewe nacho ni kigumu, hakiyeyuki ovyo kwenye kisahani. Anayefikicha kola na makwapa ya shati kwa mkono ningemshauri hiyo ya pili, hata kama ya kwanza inampendeza macho.

Adui wa mche ni maji magumu, yaani maji yenye chokaa na magnesi. Sabuni ikikutana na chokaa inashikana nayo na kuwa utando wa kijivu, ule unaouona umezunguka beseni kama mstari. Sabuni iliyoshikwa haifui na haitoi povu. Mpaka chokaa yote iishe ndipo sabuni inayoongezwa inapata nafasi ya kufanya kazi yako.

Mama mmoja aliniletea kanzu tatu za mumewe zilizogeuka rangi ya majivu.

"Mwanangu, sabuni za siku hizi zimechakachuliwa. Nafikicha mpaka mikono inauma, povu hamna."

"Shikamoo mama. Mlikuwa mnakaa Ilala, bado mpo?"

"Marahaba. Tumehamia Mbweni, tuna kisima chetu wenyewe."

"Basi sabuni haina kosa, mama. Ni maji."

Akanitazama kama ninayemtetea muuza sabuni. Nikachukua chupa mbili, moja nikatia maji ya mvua niliyokuwa nimekinga, nyingine maji ya kisima chake aliyorudi nayo kesho yake. Kila moja nikaitia sabuni ya mche iliyokunwa, kiasi kilekile, nikatikisa. Ya mvua ikajaa povu mpaka shingoni. Ya kisima ikawa na maji meupe kama tui la mara ya tatu, na vijipande vya utando vinaelea. Alicheka, akasema miezi yote alikuwa akilaumu duka la watu.

Jaribio hilo si langu. Profesa Thomas Clark wa Aberdeen, Scotland, alilifanya kuwa kipimo rasmi cha ugumu wa maji kwenye miaka ya 1840: unahesabu sabuni inayohitajika mpaka povu lisimame. Wewe huhitaji maabara, linganisha tu na maji ya mvua. Wa Unguja wanalijua jambo hili kwa mikono yao, kwa kuwa sehemu kubwa ya kisiwa imekaa juu ya mawe ya matumbawe na maji ya chini yamepita kwenye chokaa. Ukanda wa pwani wa Dar es Salaam nako kuna visima ambavyo bahari imeshapiga hodi.

Kwa hiyo ukifulia mche, liamini povu. Likisimama, sabuni imeshalipa deni la chokaa. Likigoma, usiongeze sabuni kwanza. Tia magadi ya kufulia kidogo kwenye maji, koroga, subiri chokaa ishuke, ndipo ulete mche. Magadi hayo ndiyo yanayochimbwa Ziwa Magadi kule Kenya, na ni rahisi kuliko sabuni. Nguo za sufu na hariri usizitie humo, zinakakamaa na kuharibika.

Zile kanzu? Niliziloweka kwenye maji ya siki kwanza, kwa sababu asidi inauvunja ule utando wa chokaa, nikazisuuza, kisha nikazifua kwa unga na maji ya moto. Mbili zilirudi kuwa nyeupe. Ya tatu ilibaki na kivuli shingoni, na sikumdanganya.

Unga wa kufulia kwa mkono: hapa povu ni pambo

Sabuni ya unga, ambayo nusu ya watu wanaiita Omo hata ikiwa si Omo, haikuja kuwa mche uliosagwa. Ni kitu kingine. Molekuli zake za kuoshea, zinazoitwa salfonati, hazigombani sana na chokaa, kwa hiyo hata kwenye maji ya kisima cha Mbweni zinatoa povu na kufua. Ndani ya pakiti kuna magadi tayari, na unga mzuri una vimeng'enya vinavyokata madoa ya damu, maziwa na jasho.

Ukiwa na maji magumu na huna namna nyingine, chagua unga. Hapo sina mjadala.

Ila usilitumie povu lake kama kipimo. Lile la mche lilikuwa linakwambia hali ya maji. Hili halikwambii kitu. Linatokea mapema, linatokea hata kwenye maji mabaya, na wafuaji kwa mkono tunalipenda, ndiyo maana linaongezwa makusudi. Nimeona wafanyakazi wangu wapya wanavyofanya: kiganja kimoja cha unga, koroga, povu limepungua, kiganja cha pili. Uso wa maji ukishajaa molekuli za sabuni, mvuto haushuki tena. Zinazoongezwa zinajikusanya huko ndani vishada vishada, mikia katikati, vichwa nje. Vishada hivyo vina kazi, ndivyo vinavyobeba mafuta, lakini vikishatosha vimetosha. Baada ya hapo unachonunua ni shida ya kusuuza.

Na kuna jambo dogo ambalo hata mimi lilinichukua muda kuliona. Nguo iliyoelea juu, imefunikwa na povu, haifuliwi. Uchafu unatoka pale maji yanapopita kwenye nyuzi, chini, kwenye giza la beseni ambako povu halipo. Kwa hiyo mimi nayeyusha unga kwanza, natia nguo, nazizamisha mpaka hewa yote itoke, naziacha nusu saa. Kufikicha kunakuja baadaye, na kunakuwa kufupi.

Povu la sabuni hizi limewahi kuleta balaa. Miaka ya 1950, salfonati za kwanza zilizoenea Ulaya na Marekani zilikuwa na mikia yenye matawi, ambayo bakteria walishindwa kuitafuna. Maji ya kufulia yalipofika mitoni, povu likasimama juu ya mito kama theluji, kwenye maporomoko na kwenye mitambo ya majitaka. Ujerumani Magharibi ilipitisha sheria mwaka 1961 kuzidhibiti, na viwanda vikahamia mikia iliyonyooka ambayo bakteria wanaimudu. Ile "sulfoniki" nzito ya kahawia inayouzwa kwa madumu Kariakoo ni ya ukoo huo wa mikia iliyonyooka.

Unga wa mashine: hapa povu ni adui

Nilipopata mashine yangu ya kwanza, ya mlango wa mbele, ya mtumba, niliitia unga uleule wa kwenye beseni. Kiganja kimoja na nusu, maana mzigo ulikuwa mkubwa. Dakika ya 20 povu likaanza kutoka kwenye kidroo cha sabuni, taratibu, kama mkate unaoumuka. Likashuka ubavuni, likafika sakafuni, likaenda kwenye soketi. Nilizima umeme wa chumba kizima. Fundi alinichaji ya kuja tu, kwa sababu mashine haikuwa na tatizo.

Sababu ni ya kifizikia kabisa. Mashine ya mlango wa mbele inatumia maji machache, na inafua kwa kuinua nguo na kuziangusha. Pipa likijaa povu, nguo inaangukia godoro. Haina kishindo, haifuliwi. Kisha inakuja pampu: imeumbwa kusukuma maji, na povu ni hewa kwa sehemu kubwa, kwa hiyo inazunguka bure ikilia. Mashine inadhani maji hayajatoka, inasuuza tena, inakwama, inaonyesha namba za kosa.

Unga wa mashine una dawa ya kuua povu ndani yake, kwa kawaida mafuta ya silikoni yenye chembe ndogo ngumu. Tone lake linaingia kwenye ukuta wa kiputo, linakaa kama daraja kutoka upande huu hadi ule, na kwa kuwa halishikani na maji, ukuta unachanika hapohapo. Mama zetu wanaijua siri hii bila silikoni: maharage yakianza kufura na kumwagika jikoni, kijiko cha mafuta kinayatuliza.

Ndiyo maana mteja akisimama mbele ya kioo cha mashine yangu na kusema, "Dobi, mbona hamna povu, umetia sabuni kweli?", namjibu kwamba ukiliona povu limefika nusu ya kioo ndipo uje kulalamika.

Kwa mashine ya mlango wa juu, au ile ya matangi mawili ambayo unahamisha nguo mwenyewe, maji ni mengi na povu linavumilika zaidi. Unga wa mkono utapita, ukipunguza kipimo. Kwa mlango wa mbele usijaribu. Unga wake mara nyingi una bei kubwa kwa kilo, lakini unatumia kidogo, na bei ya fundi haimo kwenye hesabu ya pakiti. Ikitokea umeshakosea, simamisha mashine, subiri robo saa povu lishuke lenyewe, kisha tia kifuniko kimoja cha kilainisha nguo kwenye mzunguko wa kusuuza. Kilainisha nguo kina molekuli zenye chaji ya kinyume na zile za sabuni; zinashikana na povu linanywea.

Sabuni ya maji ya kupimiwa: tazama ndani ya ndoo

Hapa ndipo macho yanapodanganywa zaidi. Karibu kila mtaa una mtu anayechanganya sabuni ya maji kwenye pipa: sulfoniki, slesi ambayo Wakenya wanaiita ungerol, magadi, chumvi, rangi, manukato, na kitu kinachoitwa CDE. Wengi ni watu waaminifu na sabuni zao nazitumia. Lakini jua kila kimoja kinafanya nini.

Sulfoniki na slesi ndizo zinazoosha. CDE inaimarisha kuta za viputo na kuongeza uzito, kwa hiyo ndiyo inayofanya chupa ikitikiswa povu lisimame. Na chumvi ndiyo inayofanya sabuni iwe nzito kama asali: inavifanya vile vishada virefuke kama tambi na kusokotana. Haiongezi sabuni hata chembe. Ukizidisha chumvi, ule uzito unaporomoka na sabuni inakuwa maji tena, jambo ambalo kila mwanafunzi wa kutengeneza sabuni hulia nalo siku ya kwanza.

Kwa hiyo sabuni nzito yenye povu jingi inaweza kuwa na nguvu kidogo sana. Kipimo changu ni cha mafuta. Chukua sahani mbili zilizopakwa mafuta ya kupikia sawasawa, kijiko kimoja cha sabuni kwa kila nusu lita ya maji, uone ipi inaacha sahani inayolia chini ya kidole.

Na kwenye vyombo, tofauti na nguo, povu linarudi kuwa kipimo kizuri. Mafuta ya sahani yanakula sabuni na kuua viputo. Povu la beseni la vyombo likikata, maji hayo yamechoka, yamwage, hata kama bado ni ya moto. Mtu aliyefungua macho ya wanasayansi kuhusu uso wa maji machafu ya vyombo hakuwa hata profesa. Agnes Pockels, binti wa Ujerumani aliyekuwa akitunza nyumba ya wazazi wake, alipima kwa vifaa vya jikoni jinsi mafuta yanavyobadili mvuto wa uso wa maji. Alimwandikia Lord Rayleigh kule Uingereza, naye akaipeleka barua yake ikachapishwa kwenye jarida la Nature mwaka 1891.

Kwa kufua nguo, sabuni ya maji naichagua kwa nguo za rangi nyeusi, kwa kuwa haiachi vumbi la unga. Zaidi ya hapo, unga unaishinda kwenye madoa.

Gharama iliyojificha ni ya kusuuza

Ukinunua maji kwa dumu, hii ndiyo sehemu ya kuisoma mara mbili. Povu linaonekana hata sabuni ikiwa imebaki kiduchu, kwa hiyo watu wanasuuza mpaka povu liishe kabisa na maji yanaisha kabla yake. Njia si kuongeza maji, ni kuyagawa.

Tuseme nguo zako zikishakamuliwa zinabaki na lita 3 za maji ya sabuni, na una lita 24 za kusuuzia. Ukizimimina zote kwa mkupuo, sabuni inayobaki ni sehemu moja ya 9. Ukisuuza mara mbili kwa lita 12 na kukamua katikati, inabaki moja ya 25. Mara tatu kwa lita 8, moja ya 49. Maji ni yaleyale. Kukamua ndiko kunakofanya kazi, kwa hiyo kama mikono imechoka, pumzika kabla ya kukamua, usipumzike wakati wa kukamua.

Kwa mpangilio huo, mche unasuuzika upesi kwenye maji laini, unga wa mashine ndio mwepesi kuliko wote, na unga wa mkono ndio unaokunywa maji. Sabuni ya maji inategemea CDE imetiwa kwa mkono gani.

Mahali ambapo povu lenyewe ndiyo kazi

Nisije nikaonekana nina kisa na povu. Kuna kazi ambazo halina mbadala.

Makochi na mazulia ni mojawapo. Hapo hutaki maji, maana sponji ikilowa inakaa siku nne ikinuka. Piga sabuni ya maji kidogo kwenye bakuli kwa mchapo wa mayai mpaka povu liwe zito, chota povu la juu tu, sugua kwa brashi, kisha futa kwa kitambaa chenye unyevu. Povu linabeba sabuni na kuacha karibu maji yote nyuma. Kwa kazi hii sabuni ya maji yenye CDE nyingi ndiyo bora, na mche wa nazi ndio mbaya kwa sababu povu lake linakufa ukiwa bado unachota.

Nyingine ni kunyoa. Povu la kinyozi la kopo lina viputo vidogo mno, kwa hiyo linakaa usoni bila kuteremka, likishikilia maji kwenye ndevu mpaka zilainike. Mche wa mawese na brashi vinalikaribia. Sabuni ya unga, kwa heshima zote, iache kwenye beseni.

Na moto wa petroli. Maji yakimwagwa juu yake yanazama, kwa kuwa petroli ni nyepesi kuliko maji, na moto unaendelea kuogelea juu. Povu la kuzimia moto ni maji yaliyojazwa hewa mara kadhaa ya ujazo wake, linaelea juu ya petroli kama blanketi, linazuia mvuke usitoke na linapoza. Mwenye gereji au anayeuza mafuta kwa rejareja akichagua mtungi, wa povu unafaa kwa mafuta yaliyomwagika, ila usiuelekeze kwenye nyaya zenye umeme. Kwa hizo kuna mtungi wa kaboni dioksaidi. Povu la sabuni ya vyombo halishiki nafasi yake, linakufa kwenye joto na linauawa na mafuta yenyewe, kama ulivyoona kwenye sahani.

Mama wa Mbweni siku hizi anafua nguo nyeupe kwa unga, za watoto kwa mche na maji ya mvua anayokinga kwenye simtangi la pili. Juzi kaniletea pazia tu, akaniambia kisima chao amekiwekea chupa dirishani: akihamia mgeni kwenye nyumba ya jirani, anamtikisia.